Nafasi ya Tarumbeta

Mimi si mtu wa kusifu watu ovyo. Muulizeni mke wangu, atawaambia, tena kwa uchungu. Lakini Mama Pacha nitamsifu mpaka mnichoke, na asiyetaka kusikia, mlango ule pale.

Mama Pacha ndiye mpiga tarumbeta wa bendi yetu. Mimi, Fundi kama wanavyoniita, ndiye kiongozi na napiga gitaa la besi, na mazoezi tunayafanya kila Jumamosi alasiri katika karakana yangu ya useremala, tukishasukuma mbao ukutani na kufagia maranda. Siku nyingine zote yeye ni dobi wa hospitali. Msije mkadhani ni kazi ya kuloweka vitambaa huku mnapiga soga. Shuka zinateremshwa kutoka wodini zikiwa na damu na kila kitu ambacho mwili wa binadamu unaweza kutoa. Anazichambua kwa mkono, anazipakia kwenye mashine, anazitoa zikiwa nzito kwa maji, kisha anasimama mbele ya pasi ya mvuke mpaka uso unamwiva. Akitoka hapo anarudi kwa watoto wake pacha, na kwa mama yake mzazi ambaye siku hizi hainuki kitandani. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa. Mmemwona leo, kesho hayupo.

Sasa mtu kama huyo anapata wapi pumzi ya kupuliza tarumbeta? Ndivyo nilivyomuuliza alipokuja kwetu mara ya kwanza, tena kwa dharau kidogo, maana ndivyo nilivyo. Alilitoa tarumbeta kwenye mfuko wa nguo chafu, akapuliza, na mpiga ngoma wetu, tunayemwita Nyundo, akaangusha kijiti. Hatukumuuliza kitu kingine.

Nyumbani hufanya mazoezi akiwa amesokomeza taulo kwenye mdomo wa tarumbeta, mama yake asishtuke usingizini. Wale pacha walikuwa wanaamini kabisa kwamba tarumbeta hulia kama mbu aliyenaswa ndani ya chandarua. Mwenyewe akisimulia hayo hucheka mpaka machozi.

Tabu yake ilikuwa Jumamosi. Zamu haikuisha mpaka aje wa kumpokea, na wa kumpokea alikuja alipojisikia. Kwa hiyo Mama Pacha alitufikia tukiwa tumeshachoka, pengine tunafunga vyombo. Na wimbo wetu mkubwa kuliko zote ni wake yeye. Aliutunga akiwa amesimama kwenye ile pasi ya mvuke, maneno na sauti zake zote. Katikati kuna mahali ambapo sote tunanyamaza, tarumbeta linazungumza peke yake, kisha mwimbaji wetu, dada mmoja tunayemwita Sauti, anaingia na ubeti wa mwisho.

Nyundo aliwahi kushauri tumtafute mtu wa kinanda ajaze hapo kwa muda. Nilimwambia atakayejaza hapo ataondoka na gitaa langu kichwani. Basi tukajiwekea utaratibu: nafasi ya Mama Pacha haijazwi. Tukifika pale tulinyamaza, mimi nikagonga mguu sakafuni taratibu kuhesabu, muda wa tarumbeta ukapita, Sauti akaingia. Jumamosi baada ya Jumamosi. Tulijiona waungwana sana.

Ndipo redio moja ikatangaza kwamba inarekodi bendi za mitaani, wimbo mmoja kila bendi. Hatukubishana, tukachagua wimbo wa Mama Pacha. Alipopata habari aliketi juu ya rundo la mbao zangu. Baadaye alituambia hana ndoto ya kuwa mtu maarufu, umri wa mambo hayo umempita na hata muda hana. Alichotaka ni kitu kimoja: wimbo ule urekodiwe ukiwa na tarumbeta lake ndani.

"Nikiusikia umetoka," alisema, "hata nikichoka sitakuwa nimechoka bure."

Akajifunga kibwebwe. Alimbembeleza msimamizi wake amwachie siku ile, na ili aachiwe alifanya zamu za wenzake mpaka macho yakaingia ndani. Siku yenyewe alitutangulia sote. Tulimkuta mlangoni pa redio, mguu sawa, kitambaa cha kichwani kimenyooshwa kama shuka ya wodi ya wakubwa.

Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo, kuta zimefunikwa mazulia, na nyuma ya kioo aliketi fundi mitambo. Alitueleza kwa adabu kwamba bendi nyingine inasubiri nje, kwa hiyo tusipoteze muda. Tukaanza. Sauti aliimba kama hajawahi kuimba. Tukafika mahali pale, tukanyamaza, Mama Pacha akapuliza.

Kila kitu kikaenda mrama.

Niwaeleze ilikuwaje. Muda wote ule, mahali pale palikuwa kimya. Masikio yetu yalishazoea hivyo. Nyundo aliposikia mlio akadhani amepitwa, akaanza kupiga. Sauti aliposikia ngoma akadhani zamu yake imefika, akaingia na ubeti wa mwisho. Mimi, kiongozi mzima, mguu ukapotea, nikawa nagonga tu kama mtu anayeua mende. Zilikuwa kelele za kabati la vyombo likianguka.

Fundi mitambo akasema hayo hutokea, turudie. Tukarudia, tukaharibu vibaya zaidi. Safari hii aliitazama saa. Alisema imebaki mara moja tu, na kama kile kipande kinatusumbua tukiruke, mwimbaji aunganishe moja kwa moja. Hakusema kwa ubaya. Wenzangu wakanigeukia mimi.

Mama Pacha alifuta midomo kwa kiganja. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Kaka Fundi," akaniambia, "hesabuni vile mlivyozoea. Fanyeni kama sipo. Mimi nitajipenyeza humohumo."

Jamani, maneno yale yalinichoma. Mtu ametunga wimbo amesimama kwenye mvuke, amefanya zamu za watu, leo yupo mbele yetu na tarumbeta mkononi, halafu anatuomba tufanye kama hayupo, ili sisi tusibabaike. Nilikasirika, na aliyenikasirisha si yeye. Tulimtunzia nafasi yake vizuri mpaka tukazoea kukaa bila yeye.

"Hapana, dada," nikasema. "Leo hakuna kuhesabu. Utapiga mpaka uridhike, na ukimaliza utatuita."

"Nikirefusha?"

"Refusha."

Nikawageuza wote wamtazame yeye, tukakipa kioo mgongo. Tulipofika mahali pale aliingia polepole, chinichini. Akafika pale ambapo hesabu yangu huishia, akanitupia jicho, akiomba ruhusa kwa mazoea tu. Nikainua mguu juu ili auone hauhesabu. Akafumba macho, akaendelea.

Sijui niwaelezeje. Alipiga kwa nguvu zake zote, mambo ambayo hatukuwahi kuyasikia, na nadhani hata yeye hakuwahi. Nililia, sifichi. Nyundo alikuwa amekumbatia vijiti kifuani kama mtoto mchanga. Alipomaliza alishusha tarumbeta, na kwa kuwa nilimwambia atuite, akatuita, maikrofoni zote ziko wazi:

"Haya, njooni."

Sauti akaingia, na sisi nyuma yake, na hakuna aliyekosea.

Fundi mitambo alisema anaweza kuyakata maneno yale mawili, hayatasikika. Tulimkatalia kwa mdomo mmoja.

Wimbo ulipopigwa redioni Mama Pacha alikuwa kazini. Msimamizi wake, mtu ambaye hajawahi kusimamisha kazi kwa sababu ya kitu chochote, alizima mashine zote. Chumba cha madobi kikawa kimya, redio ikawekwa juu ya shuka zilizokunjwa. Mama Pacha alilisikia tarumbeta lake mpaka mwisho, kisha akasikia sauti yake mwenyewe ikituita. Alinisimulia kwamba aliketi pale pale sakafuni akalia, na hakuna aliyemharakisha.