Safari ya Koyama, Kumweleza Kaka Kazi Yangu

Nilikwenda Koyama, kisiwa kilicho kusini mwa Kismayo, kutaka radhi. Miaka kumi na moja iliyopita kaka yangu Abudi aliniuliza kwa simu kazi yangu huku Ulaya ni ya namna gani, nikamjibu kwamba hataelewa. Hakukasirika. Aliniuliza kama nimekula, akaniaga, na tangu siku hiyo hakuniuliza tena. Mwaka huu mkewe, shemeji Mwanaisha, akanipigia: kaka alipatwa na kiharusi, na kumbukumbu yake ilikuwa ikipungua kila wiki.

"Ndoo, angali akikuyua," alisema. Yaani nije kabla hajanisahau.

Nikamwomba wiki sita. Mashine ya maabara yetu ikishapozwa kwa baridi kali haizimwi ovyo, nami nilikuwa katikati ya kupima chembe moja ya chuma. Wiki sita zikawa kumi. Nayasema haya mapema ili msije mkanionea huruma huko mbele.

Kismayo nilifika saa tano asubuhi, kwa ndege kutoka Nairobi. Niliukimbia mji huu mwaka wa vita nikiwa na miaka kumi, na Kisomali changu kimebaki cha umri huohuo. Askari wa uwanjani alicheka mpaka akafuta macho. Mwenyeji wangu, binamu yake Mwanaisha anayeuza nyavu sokoni, aliniuliza kama nimekuja kudai kiwanja. Nikamwambia nimekuja kueleza jambo kwa kaka yangu. Akasema ni mbali sana kwa kuja kusema tu.

Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, boti ya mashine ilinichukua kusini. Njia nzima nilitunga sentensi. Kazi hii nimeisoma kwa lugha za watu, na sikuwahi kuisema kwa lugha ya mama yangu. Niliona aibu, peke yangu, mbele ya mapipa ya petroli.

Koyama, adhuhuri. Mwanaisha alinipokea ufukweni na kuniambia kwamba siku nyingine kaka hamjui hata yeye. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Kaka alikuwa barazani, kanzu safi, mgongo umenyooka. Aliponiona akainuka. "Karibu, mgeni," akasema. Nikamwambia ni mimi, Shali, nduguye. Akatabasamu kama mtu asiyetaka kumwaibisha aliyekosea nyumba, akaagiza chai, kisha akaniuliza nafanya kazi gani.

Nikamweleza. Nilimwambia umeme hubebwa na vijichembe vidogo mno, elektroni, na kwamba kuna metali ambazo zikipozwa sana, elektroni zake hushikana mbili mbili zikapita bila kuzuiwa na chochote. Ukitia humo chembe ya chuma yenye usumaku, inaziachanisha. Lakini kandokando ya chembe hiyo huzuka jozi za namna nyingine. Ukizitafuta elektroni mbili za jozi hiyo kwa wakati mmoja huzikuti. Moja ipo sasa, mwenzake yupo baadaye, na bado ni jozi. Hizo ndizo ninazozitafuta.

Aligeukia chai yake, akaipuliza. Nikadhani amechoka.

"Hiyo naiyua," akasema. "Mimi na ndugu yangu tulikuwa na miwani moya ya kuzamia kamba wa miambani. Mmoya akiwa chini, wa pili yuu akingoya. Chini ya mai hatukuwa wawili kamwe, na kazi ni ya wachu wawili."

Kweli tulikuwa hivyo utotoni mwangu, na mfano bora kuliko huo sijawahi kuutoa mimi katika mihadhara yangu yote. Nikamwambia, "Kaka, huyo ndugu ndiye mimi."

Akanigusa goti. "Huyo ni mdogo, tena yuko Ulaya. Alinambia siwezi kufahamu. Wewe umeeleza vyema. Ukimwona, mwambie nimefahamu."

Nikamuuliza kama amemwia radhi nduguye huyo.

"Hilo nitamwambia mwenyewe," akasema, "akiya."

Nilikaa siku nne. Kila asubuhi nilimtajia jina langu, na kila asubuhi alinikaribisha upya kwa heshima zote. Mwanaisha alijaribu kunisaidia. Alituketisha pamoja kwenye sinia moja, akamtajia mama yetu na nyumba ya zamani. Kaka alikuwa akinimegea samaki na kuniwekea upande wangu, kama inavyompasa mwenye nyumba. Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka kwenye boti, akanikumbusha ujumbe wake. Nikaahidi kuufikisha.

Sasa nimerudi maabara, na mashine imepozwa tena. Nilichojifunza ni kidogo na kinaniuma: kazi yangu inaelezeka kwa Kiswahili, kwa muda usiotosha chai kupoa, na mtu niliyemdharau aliielewa kuliko wanafunzi wangu. Ningeweza kumweleza kwa simu siku ileile aliyouliza. Mwanaisha akinipigia huniambia kaka bado anauliza nduguye atakuja lini.