Herufi Zilizoliwa na Salfa

Mpaka leo nikiona herufi zenye kutu kwenye tangazo, liwe la bia au la mkutano wa injili, nasikia kinyaa. Si kwamba zimetengenezwa vibaya. Nyingi zimetengenezwa vizuri sana, na hapo ndipo kichefuchefu kinaponianza, maana najua aliyezitengeneza alikaa kwenye kiti saa nyingi akijipenda.

Mimi nilizitengeneza Masasi, kwenye steshenari moja upande wa Mkomaindo, miaka ile soko lilipokuwa limeshaachiwa huru na kila mwenye gari na maneno matamu amegeuka kuwa muuza pembejeo. Tulikuwa na kompyuta moja, skana moja, printa moja yenye kiu ya wino isiyokatika, na programu ya kuhariri picha iliyotoka Dar kwenye sidii isiyo na jalada. Hakuna aliyenifundisha. Nilianza na kadi za harusi na za kipaimara, nikaja kwenye vibao vya saluni, na kufikia miaka ishirini na mitatu nilijiona fundi kuliko wote kusini mwa Rufiji. Huenda nilikuwa kweli, maana tulikuwa wawili.

Mama yangu alikuwa Lupaso na mikorosho yake arobaini na kitu. Asiyekulia kwenye mikorosho nimweleze: maua yake yakishikwa na ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaofanana na unga wa sembe, hupati korosho hata ya kuonja. Dawa yake ni salfa, unga wa njano unaopulizwa alfajiri umande ungali kwenye majani. Salfa inawasha macho, inakaba koo, na inakula chuma. Ghala la salfa unalijua kwa mabati yake. Yanaanza kuoza kwenye misumari, halafu kwenye maungio, halafu unaona mbingu. Kwa hiyo kwetu kutu haikuwa uchakavu. Ilikuwa ushahidi kwamba salfa ya hapo ni kali.

Na mama ndiye aliyekuwa mjuzi wa salfa pale kijijini. Hakuna aliyemteua. Tangu wauzaji walipokuwa wengi na kila mmoja ana mfuko wake, watu walimpelekea chembe mbili kwenye karatasi, naye anazidondosha juu ya kaa la moto. Salfa ya kweli inawaka mwali wa bluu na inakufukuza jikoni ukikohoa. Ya uongo inakaa tu. Akisema "hii salfa", wananunua. Akisema "hii uji", wanamrudishia muuzaji na matusi juu. Mama hakuwa na cheo kingine duniani, si kanisani, si kwenye kamati, ila hicho.

Bwana mmoja muuza salfa alikuja dukani kabla mikorosho haijaanza kutoa maua. Alinukia manukato juu ya jasho la juzi, na kidole chake kidogo kilikuwa na ukucha mrefu aliokuwa akijichokonolea sikio, halafu ukucha ule ule ndio anaogusia kioo cha kompyuta yangu kunionyesha anachotaka.

"Dada, nataka jina la salfa yangu liwe la chuma. Chuma kilicholiwa."

"Kilicholiwa na nini?"

"Na salfa yenyewe! Mkulima wa huku akiona bati limeliwa, ameshanunua. Hana haja hata ya kusoma."

Nilimwona mchafu na nilimwona ana akili. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini hiki kilitaka kwanza kivishwe.

Siku tatu nilikuwa kwenye herufi zile. Nilikuwa na kipande cha bati nilichookota Nanganga nyuma ya ghala bovu, nikakilaza kwenye skana, kikachubua kioo, mwenye duka akanisema hadi mate yakamruka. Kwanza niliandika jina kwa herufi nene, pana, kama zile za kwenye magunia. Nikalilaza bati la kwenye kompyuta juu yake, nikaliamuru lishike ndani ya herufi tu, nje lisionekane. Nikaliagiza lichanganyike na rangi ya chini badala ya kuifunika, ili chuma kionekane kinachungulia. Kingo nikazipa mwanga kutoka juu kushoto, kivuli chini kulia, herufi zikainuka. Mafundi wanaoanza hukosea hapa: wanasambaza kutu kila mahali, herufi inaonekana ina tetekuwanga. Kutu ina adabu yake. Inaanzia maji yanapokaa. Kwa hiyo kila herufi nikaitia misumari miwili, chini ya kila msumari nikavuta mchirizi wa rangi ya kahawia unaofifia, halafu kwa brashi yenye meno nikala kingo kidogo kidogo, herufi ya kwanza nikaitoboa kabisa tumboni.

Nilikuwa na furaha. Nasema hivi kwa sababu ndicho kinachonichukiza kuliko ukucha wa yule bwana.

Siku ya pili alileta mfuko mmoja ili nipime ukubwa wa lebo. Ulikuwa umepasuka pembeni, ukamwaga unga wa njano kwenye meza yangu, mpaka katikati ya vitufe vya kibodi. Mimi ni mtoto wa mkorosho. Nikainuka haraka nikiwa nimefumba macho, nikisubiri yaanze kuwasha. Hayakuwasha. Nikavuta pumzi kidogo. Koo halikukaba. Kilichonijia puani kilikuwa harufu ya muhogo uliolala, kitu kama makopa, ile mihogo mikavu, yaliyonyeshewa yakatiwa rangi. Nikausugua kati ya vidole na ukaniganda kama uji.

Nilijua pale pale. Sitaki kujipunguzia lawama hapa. Nilimtazama, naye akanitazama huku akitabasamu, akasema, "Mzigo wote unapanda Newala, dada. Huku chini siuzi." Nikajiambia watu wa Newala nao wana macho yao na makaa yao. Nikachukua kitambaa chenye maji, nikafuta meza, nikarudi kwenye mchirizi wa msumari wa pili ambao ulikuwa haujakaa sawa. Kesho yake aliondoka na kazi yangu kwenda kuichapisha Dar, akaniambia nitafika mbali.

Mwezi wa saba nilikwenda Lupaso kumsalimia mama. Kabla sijafika nyumbani niliiona mikorosho. Maua yalikuwa meupe, yamekauka, yananing'inia kama matambara ya mgonjwa. Yetu, na ya jirani, na ya jirani wa jirani. Nikafikiri mwaka mbaya. Nikamkuta mama jikoni, nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeona?"

"Nimeona. Hamkupuliza?"

"Tumepuliza mara tatu. Inakuwa kama tunayarushia maua unga wa kupikia ugali." Akaingia ndani, akatoka na mfuko mtupu, akaukunjua mbele yangu. Herufi zangu zilikuwa pale mdomoni mwa mfuko, kwenye lebo ya karatasi ngumu iliyoshonewa, na nawaambia ukweli, kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba wamezichapa vizuri.

Mzigo ulikuwa umepanda Newala kweli, halafu ukateremka. Mama alitumwa na wanawake wenzake saba, wamempa fedha zao kwa sababu ya pua yake na kaa lake, naye akawanunulia wote.

"Hukuichoma, mama?"

"Nfuko umeshonwa, nitauchomaje dukani? Tena ya nini? Tazama bati lile." Akaweka kidole gumba kwenye lile tundu la tumboni mwa herufi ya kwanza, akalisugua polepole. "Salfa imelila mpaka jina lake. Nikawaambia wenzangu, hii haina haja ya kaa, hili bati limeshatuchomea. Picha si inapiga kilichopo? Ntu atapiga picha bati kama lile aongope?"

Nikachuchumaa mbele ya ule mfuko.

"Mama, hiyo si picha iliyopigwa. Nimeitengeneza mimi. Kwa kompyuta."

Hakuelewa mara ya kwanza. Nikamweleza tena, na nilipokuwa nikimweleza nilisikia sauti yangu inataja misumari, na mwanga wa kushoto, na brashi, kama ninayejisifu kwa mteja. Nikanyamaza. Mama aliukunja mfuko mara mbili, mara nne, akauweka chini ya mguu wake. Kisha akaniuliza swali moja tu.

"Ulijua?"

"Sikujua, mama. Yule bwana alinidanganya."

Alinitazama, na nikaona ameamini. Uso wake ulilegea. Akasema, "Basi, mwanangu. Tumedanganywa wote," akanipakulia chakula. Nilikula. Muhogo, nao nikaumaliza.

Jioni ile hakungoja kuombwa. Alijifunga kanga mbili, akaniambia nifuatane naye, tukapita nyumba saba, moja baada ya nyingine. Kila mlangoni alisema maneno yale yale: kosa ni lake, yeye ndiye aliyeacha kuichoma, mwanawe alichora kwa nia njema, hakujua kilichomo ndani. Nilisimama nyuma yake nikiangalia visigino vyake. Baadhi walimjibu kwa upole. Wengi waligeuka wakaingia ndani. Mmoja, mjane aliyelelea wajukuu kwa korosho zile, alimwambia usoni kwamba kuanzia leo kaa lake achomee mahindi. Mama akasema, "Sawa."

Hakuna aliyempelekea tena chembe za salfa kwenye karatasi. Si mwaka uliofuata, si baada yake, hadi alipozeeka. Msimu wa kupuliza ukifika watu wanapita mbele ya jiko lake na mifuko yao kichwani, wanamwamkia kwa heshima zote, wanaendelea.

Lakini jioni ile, kwenye nyumba ile ya mwisho, yule mjane alipomaliza na mama alinigeukia mimi. Akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, mikono iliyochanika kwa maganda ya korosho, akasema, "Pole, mwanetu. Mama yako alikuwa na kaa, wewe ungejuaje?"

Nami nikamwambia, "Asante."