Swala wa Getini

Jumamosi nilikuwa buchani Kalangalala nabishania bei ya maini, na kwa kubishana mji huu sina mpinzani, ingawa shule niliiachia darasa la sita. Akaingia mama mmoja mwenye sare ya ile bustani ya wanyama ya mtu binafsi. Hakutaka nyama. Alimtaka mzee anayetuchinjia ng'ombe.

"Shikamoo baba. Naomba uje unichinjie swala."

"Marahaba. Ataliwa na nani?"

"Simba."

Nikacheka. "Simba naye siku hizi anauliza nyama kachinja nani?"

Hakunitazama. Alikuwa akisugua kidole gumba kwenye kiganja, kama anayefuta kitu.

"Wageni wamepungua, hela ya nyama hakuna," alimwambia mzee. "Bosi kasema simba ndiye anayeleta watu, kwa hiyo wanyama wengine wawe chakula chake. Nimeambiwa nichinje mwenyewe. Lakini yule swala nimemlea kwa chupa, baba. Nikishika kisu, anakuja kuninyonya kidole."

Mzee akakipangusa kisu chake. "Nitakuja. Ila wewe usiwepo."

"Lazima niwepo. Nisipomwita mimi, haji."

Hapo mimi, ninayejulikana kwa mdomo hadi Nkome, nikalipa maini kwa bei ileile niliyokuwa naikataa.

Jioni nilipita pale kwenye bustani ya wanyama. Hela ya nyama hakuna, lakini geti ni jipya, na fundi alikuwa juu ya ngazi akimalizia picha ya kukaribisha wageni. Amechora swala ananyonya chupa.