Daktari Aliyekataa Kutaja Jina

Nakumbuka asubuhi moja hapa Goma, mwanangu, nilipokuwa mwanafunzi wa sheria nikifanya mazoezi ya kazi kwa wakili aliyemtetea mtoto aliyeumizwa. Kesi ilisikilizwa milango imefungwa, kama ipasavyo pale aliyeumizwa ni mtoto. Furaha, yatima wa miaka saba, alikuwa amefikishwa hospitalini na shangazi yake anayeishi Kibati, nje kidogo ya mji, mgongo umejaa alama. Siku ile ingeamuliwa kama atarudi kwa baba yake mdogo aliyekuwa akimlea.

Baba mdogo huyo alisimama bila wasiwasi mbele ya hakimu, ambaye huku tunamwita Prezida.

"Prezida, mutoto alianguka ku mawe. Goma yote ni mawe ya volkano! Nani hajaanguka?"

Nilikaribia kutabasamu; nani kati yetu hana kovu la mawe yale?

Ndipo akaitwa daktari, mama wa makamo, aliyemchunguza mtoto kwa ombi rasmi la mwendesha mashtaka. Akala kiapo. Akaeleza polepole kwamba anayeanguka hujikinga, na mawe yetu huchubua viganja, magoti, viwiko. Viganja vya Furaha vilikuwa safi. Mgongoni palikuwa na mistari miwili miwili iliyopinda mwishoni, kama ya waya uliokunjwa. Wekundu wa mabegani, akasema, haukuwa kipigo: shangazi alikuwa amemkanda kwa kitambaa cha moto, kama tufanyavyo nyumbani. Ngozi ileile ilibeba ukatili na huruma, naye alivitenganisha.

"Basi, mama munganga," akauliza prezida, "ni huyu papa ndiye alimupiga?"

"Sijue, Prezida. Sikukuwa pale."

Shangazi akaruka. "Mama, sema tu! Unaogopa nini?"

"Mama yangu, nikisema kitu sikuona, hata kile niliona batakikataa."

Sote tulitaka jina, naye alikuwa na mamlaka ya kutosha kulitamka, lakini hakuvuka alichokiona. Wakili wa baba mdogo hakupata pa kumshika. Baadaye jirani akaeleza waya aliouona, na mkono ulioushika. Hakimu, asiyefungwa na maoni ya daktari, akaunganisha mwenyewe alama na waya, akaona baba mdogo ndiye aliyepiga. Furaha alikwenda kuishi Kibati kwa shangazi yake.

Mwanangu, ukikuta mtoto ameumizwa, mkimbize kwa daktari kabla ya kumkanda au kumwogesha, wala nguo zake usizifue. Matibabu yasingoje karatasi za polisi, lakini polisi waarifiwe. Usimfundishe la kusema. Familia zikikaa ili yaishe kwa fidia ya mbuzi na kreti za bia, ondoka kwenye kikao hicho, uende kushtaki. Na ukiitwa mbele ya hakimu, sema ulichokiona, uishie hapo, hata kama hasira inakuchoma.

Mungu akulinde, akupe moyo wa kutogeuza uso mtoto anapolia, na watoto wa nyumba yako walale bila hofu.