Maneno ya Nyuma ya Mizani

Siku yangu ya kwanza ku maternité ya Musonoi, nyumba ya kuzalisha bamama, nilivaa kanzu nyeupe yenye kunipita urefu. Masomo yangu ilikuwa kidogo, lakini mikono yangu ilijua mutoto amelala namna gani mu tumbo. Muniache nijisifu, bajukuu.

Mukubwa wetu, Citoyen Directeur (siku zile bote tuliitwa Citoyen, ni kusema mwananchi), alipenda mustari wa bamama wenye kutembea mbio. Mafundisho ya bamama ba mimba tulikuwa tunaita kozeri. Yeye aliamuru: bote ku benchi moja, pamoja na benye kubasindikiza, dakika kumi, kisha mizani.

«Citoyenne, hapa si ku kisima! Fundisha, pima, funga!»

Basi tulifundisha kama kuimba. «Nani anaona damu?» Macho yote chini.

Siku moja Ngalula, mimba yake ya kwanza, alikuja na mama-mukwe wake. Kwetu, bibi hataji damu mbele ya mama ya bwana yake; ni haya kubwa. Nikamuuliza. «Niko muzuri, mama.» Lakini alikuwa anaikala upande-upande. Mizani ilikuwa nyuma ya pazia. Pale nikamuinamia ku sikio: «Mwanangu, huku tuko babili tu. Damu?»

Akaanza kulia. «Ni siku ya tatu, mama.»

Nikamulalisha pale pale. Mustari ukasimama. Directeur akaingia mbio: «Nani amekufa humu?»

«Bado mutu, Citoyen. Lakini kwa dakika zako kumi, atakufa.»

Ku benchi bamama bakacheka. Yeye hakucheka, lakini aliona kitambaa ya damu, akakimbia mwenyewe kuita gari. Ku hospitali kubwa bakakuta kondo ya nyuma imefunga njia ya mutoto. Bakapasua. Mutoto mwanaume, analia kwa nguvu!

Kisha nikapata barua: nahamishwa Tenke. Azabu ya mudomo. Kule mukubwa alikuwa Masera, mutawa mukali wa kuogopesha. Akauliza: «Unataka nini?» Nikasema: «Pazia na biti bibili, kiti ya mama na kiti yangu.» Akanipa. Mi nilipima, mi nilisikiliza. Bamama ba Tenke balisema mambo hata bwana zabo hawakujua.

Miaka ya mwisho balinirudisha Musonoi. Benchi ilikuwa ile ile. Siku yangu ya mwisho mbele ya pensioni, mama mumoja mwenye mvi kidogo akaleta mukwe wake, bibi ya mutoto wake mwanaume, tumbo mbele. Alikuwa Ngalula.

Nikamusogezea kiti. Akakataa.

«Hapana, mama. Mi nitangojea inje. Mumupeleke kwanza ku mizani.»