Spika Zinazoongea na Ukuta

Kyalo alikuwa mwongo wa uongo mmoja tu, lakini huo mmoja aliutunza kama suti ya harusi. Uongo wenyewe ulikuwa huu: televisheni ya nyumbani kwake ni mbovu.

Miaka ishirini na miwili alikuwa amefanya kazi katika yadi ya makontena huko Port Reitz, katikati ya mashine zinazonguruma na vyuma vinavyogongana. Enzi za ujana wake vizibo vya masikio vilikuwa vya waoga, na aliyevivaa alichekwa mpaka akavitupa. Kyalo alikuwa mmoja wa waliocheka. Basi masikio yakaanza kuondoka, polepole na bila kuaga. Zilitangulia sauti nyembamba, mlio wa simu na filimbi ya birika, zikafuata sauti za watoto, kisha za wanawake. Sasa alibakiwa na ngurumo, na maneno ya watu aliyasoma midomoni. Ndege alizipenda. Ndege ikipita chini kwenda kutua, watu wote wa Port Reitz huacha sentensi zao nusu na kungoja, na kwa dakika hiyo moja Kyalo alikuwa sawa na kila mtu.

Adui yake alikuwa televisheni. Mtangazaji alisomeka vizuri, lakini hakukaa; mara uso wake uliondolewa zikawekwa picha za mafuriko. Tamthilia za kigeni zilizotiwa Kiswahili ndizo zilizomtesa zaidi, maana mle mdomo unasema lake na sauti inasema lake. Akaongeza sauti mpaka sitini. Jirani yao Wairimu akagonga ukuta kwa mwiko, na Kyalo hakusikia mwiko.

"Hizi televisheni bapa ndivyo zilivyo," alimwambia mkewe Gladys. "Spika zake zimefichwa mgongoni. Zinaongea na ukuta. Tununue saundiba, ile spika ndefu ya kuweka mbele ya televisheni, utaona."

Na kwa hilo hakukosea kabisa, ndiyo maana uongo ule ulidumu.

Angekuwa karani au mpishi, angeshasema ukweli. Lakini Kyalo alikuwa mtoa ishara. Dereva wa kreni, akiwa juu kule, haoni upande wa nyuma wa kontena. Anayeona ni Kyalo, kwa redio ya mkononi na kwa mkono wake ulioinuliwa. Chini ya kontena husimama Odhiambo, mtu wa kufungua na kufunga kufuli za pembe. Odhiambo akisema teremsha kwenye redio yake, Kyalo humwonyesha dereva ateremshe. Akisema simamisha, husimamishwa. Mtoa ishara asiyesikia huvuliwa kizibao chake cha kazi siku hiyo hiyo, na Kyalo alikuwa na miaka arobaini na tisa na kazi nyingine hakuijua. Mwaka uliopita, walipopimwa masikio, alifaulu kwa kutazama kioo cha dirisha: kidole cha muuguzi kilionekana mle kila kilipobonyeza kitufe. Jumanne ijayo walikuwa wanapimwa tena, na alikuwa anaomba wapewe chumba kile kile.

Halafu ikaja Jumatano.

Kontena lilikuwa linateremka. Kyalo aliona vizuri, mkono wake ulikuwa juu, redio ilikuwa kifuani. Odhiambo alikuwa ameinama kwenye pembe, amempa mgongo, na mgongo hausomeki. Kyalo akaendelea kuonyesha teremsha, teremsha, mpaka alipomwona Odhiambo anaruka nyuma na kuanguka kwa makalio. Kontena lilipoinuliwa tena, glavu ya kulia ya Odhiambo ilikuwa pale chini, bapa kama chapati. Odhiambo alikuwa amepiga kelele simamisha mara tatu.

Msimamizi wao, Erastus, akaja mbio. "Nini kimetokea hapa?"

Odhiambo alikuwa anaitazama mikono yake, mmoja baada ya mwingine. "Ni redio yangu, bosi. Betri imekufa," akasema.

Kyalo aliyasoma maneno hayo mdomoni mwake, akashusha pumzi. Kwa siku tatu alijiambia kwamba ilikuwa betri. Mchana aliamini. Kila alipofumba macho aliiona ile glavu.

Jumamosi wakaenda Magongo, yeye na Gladys, kwenye duka la vifaa vya umeme. Zamu yake ilianza saa nane mchana, na Odhiambo alikuwa zamu hiyo hiyo. Saa ya dukani ilionyesha saa sita kasorobo. Kyalo alikuwa amepanga: wachague upesi, aifikishe nyumbani, aifunge, ale, aende kazini. Televisheni ikianza kusikika vizuri, nani atamtilia shaka?

Muuzaji, kijana mpole aitwaye Charo, aliwaamkia kwa heshima na kuwavutia viti. "Shikamoo mzee, shikamoo mama. Karibuni. Hapa, kabla ya kulipa, mtu husikiliza kwanza, maana kitu kikishatoka mlangoni hakirudi. Je, mnataka ya kutikisa nyumba ama ya kusikia maneno?"

Kyalo alikuwa ameukazia macho mdomo wake. "Maneno," akasema.

"Basi tuanze na hii kubwa, mpate kulinganisha. Hii ina spika yake ya besi, ya kuweka chini. Niwawekee muziki?"

"Tuwekee hiki," Gladys akasema, akatoa flashi mkobani. "Ni ibada yetu ya Jumapili iliyopita, ilirekodiwa. Sisi tuliokuwako tutayajua maneno yake."

Kyalo akafurahi. Jumapili ile aliikumbuka vizuri. Ilikuwa siku ya watoto kutoa shukrani. Binti yao Fancy, miaka kumi na mitatu, alisimama mbele akaongea kwa muda mrefu, kipaza sauti kimemziba mdomo wote. Kisha mchungaji akawaambia watu wanyoshe mikono, na mikono yote ikaelekezwa kwa Kyalo. Akajua wanawaombea wafanyakazi wa bandari. Naye akainua mikono, akasema amina kwa sauti kuliko wote, akawapungia. Watu kadhaa walilia. Kyalo aliona ni ibada yenye baraka.

Charo akawasha. Saundiba ile kubwa ikapiga. Kwaya ilikuwa inaimba, na ngoma ikaingia kupitia nyayo za Kyalo, ikapanda magotini, ikakaa kifuani. Ah! Tangu lini hajasikia kitu kikamfikia hivyo? Akatabasamu kwa kweli.

"Hii hii," akasema. "Tufungieni hii."

"Na maneno, Baba Fancy?" Gladys aliuliza, amemgeukia uso kwa uso. "Wanaimba nini?"

Kyalo akacheka. "Si wanaimba sifa?"

"Sifa gani?"

"Mama, wewe nawe! Wimbo ni wimbo."

Gladys hakucheka. Alimgeukia Charo, akasema kitu ambacho Kyalo hakukiona, na Charo akaichomoa ile kubwa, akainama nyuma ya televisheni na saundiba nyingine, fupi, nyembamba, isiyo na spika ya chini. Alikaa huko nyuma kitambo. Kwenye skrini kwaya ilikuwa imekaa na mchungaji alikuwa anaongea, mdomo unaenda. Kyalo akaona heri amalize jambo hili. Saa ilikuwa inakwenda, na Gladys alikuwa anamtazama sivyo.

Akatikisa kichwa kama mjuzi. "Naam. Hii ni safi. Hii imenyooka kabisa, kila neno. Hata ile ya kwanza haiifikii."

Charo aliibuka taratibu kutoka nyuma ya televisheni. Mkononi alikuwa ameshika waya, ncha yake inaning'inia. Hakuwa ameuchomeka bado. Duka zima lilikuwa kimya, na televisheni yenyewe haikuwa na sauti.

Kijana alikuwa na adabu. Aliutazama waya, akamtazama Gladys, akajifanya anatafuta kitu mezani. Kyalo akahisi uso unamwaka. Mteja mmoja aliyekuwa anachagua pasi aligeuka kutazama, kisha akarudi kwa pasi zake haraka mno.

"Nilidhani umeshawasha," Kyalo akasema. "Tena mna ndege hapa, mtu atasikia nini?"

Hakukuwa na ndege.

"Mwanangu," Gladys akamwambia Charo, "chomeka. Na kama ina kitufe cha kuinua maneno, kibonyeze. Mzee sogea mbele."

Kyalo alitaka kuondoka. Aliuona mlango, uko hatua sita. Lakini kuondoka kungekuwa kukiri, na alikuwa amezoea kukaa palipo pagumu mpaka papite. Akasogeza kiti. Akakaa mbele ya kile kipande chembamba karibu akiguse kwa goti. Charo akabonyeza, kisha akaongeza, kisha akaongeza tena, huku Fancy akipanda madhabahuni na gauni lake la manjano, kipaza sauti kimemziba mdomo.

Ikaja sauti.

Ilikuja nyembamba na yenye mikwaruzo, kama kutoka chumba cha pili, lakini ilikuja na maneno ndani yake. Kyalo hakuijua. Ilimchukua muda kuelewa kwamba sauti ya mwanawe ilikuwa imekua, wala hakuwepo ilipokuwa ikikua.

"Naitwa Fancy Kyalo," sauti ikasema. "Wenzangu wameshukuru. Mimi nitaomba. Naomba mumwombee baba yangu masikio. Hasikii. Nikimwita kwa nyuma hageuki. Anasema ni televisheni, na mimi na mama tunamwachia hivyo hivyo, maana anaona haya. Lakini naogopa kazini kwake. Kuna watu wanaomtegemea huko. Siku moja mtu atamwita, naye hatasikia, na mtu huyo atakufa, na baba yangu hatapona tena."

Kisha mchungaji. Kisha mikono yote. Kisha Kyalo mwenyewe, kwenye skrini, anainuka katika suti yake ya kijivu, anapunga, anatabasamu, na amina yake inapasua kanisa.

Hakuna aibu aliyowahi kuionja iliyofika nusu ya ile. Alijiona anavyowapungia watu wanaomlilia, akatamani sakafu ya duka ifunguke. Lakini hakufumba macho, kwa kuwa macho ndiyo yaliyokuwa yamemlisha miaka yote hii, na sasa yakaona kingine. Safu ya tatu, upande wa dirisha, mtu mrefu mwenye shati la samawati alikuwa amesimama, mkono wa kulia umenyoshwa kuelekea kwake. Alikuwa Odhiambo. Mara moja moja husali nao, akiwa na mkewe.

"Rudisha," Kyalo akasema. "Rudisha hapo. Simamisha."

Charo akasimamisha. Mkono wa Odhiambo ukabaki hewani, vidole vitano, vizima.

Jumapili. Kwa hiyo Odhiambo alijua tangu Jumapili. Akaja Jumatatu, akaja Jumanne, na Jumatano akainama chini ya kontena akijua kwamba aliyemshikia roho yake hasikii. Na glavu ilipobanwa akasema betri.

"Ulijua lini?" akamwuliza Gladys.

"Kuhusu masikio? Zamani. Jumapili jioni nilikuambia jikoni, nikakuambia yote, ukanijibu utakula wali tu." Midomo yake ilikuwa inatetemeka, lakini alisema polepole ili asomeke. "Kuhusu ile glavu, jana. Mke wa Odhiambo alinipigia. Alikuwa analia, Baba Fancy. Nikasema, mimi hanisikii, lakini Fancy labda atamsikia."

Saa ya ukutani ilikuwa saa sita na robo. Kyalo alikaa. Alihesabu kilichokuwa kinaondoka: kizibao, redio, mkono wake kuinuliwa na kreni nzima kumtii. Aliipenda kazi ile. Aliipenda hata baada ya kumla masikio, na kwa kitambo kizima pale kitini alitafuta njia ya kubaki nayo. Jumanne, kile chumba, kile kioo. Angeweza kufaulu tena. Alijua kabisa angeweza.

Kisha akakitazama tena kile kiganja kwenye skrini.

"Charo," akasema, "nifungie hii ndogo. Ni ya nyumbani. Nataka kumsikia binti yangu."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu, akambonyezea Gladys namba na kumpa.

"Ongea na Odhiambo. Mimi kwa simu siwezi, simsikii." Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo kwa mdomo wake, na lilitoka kwa sauti kubwa kupita kiasi; yule wa pasi aliligeukia tena. "Mwambie leo sisimami. Naenda kwa Erastus sasa hivi nikaseme mwenyewe. Mwambie asikaribie kontena lolote mpaka apewe mtu mwingine wa ishara."

Gladys akaweka simu sikioni, akaongea, akasikiliza. Alisikiliza kwa muda mrefu. Kyalo alimtazama mdomo, lakini mdomo wa anayesikiliza hausemi kitu. Aliona tu machozi yakimshuka mkewe mpaka kidevuni, wala hakuyafuta.

Hatimaye akaishusha simu na kumgeukia mumewe, akahakikisha anamwona.

"Anasema asante," akasema Gladys. "Anasema mkewe amefunga mlango na kuficha ufunguo ili asiende kazini leo. Na Odhiambo mwenyewe alikuwa ashavaa buti, anatafuta atokee wapi, ili usiwe peke yako kazini."