Shamba Lililofichwa na "Na"

Jumanne, kwenye dirisha la ofisi moja ya ardhi hapa Bagamoyo, mbele yangu alisimama mama aliyekuja mara ya tatu kutoka Mlingotini. Alitafuta kumbukumbu za shamba la marehemu baba yake kule Makurunge. Jirani ameshafyeka nusu.

"Jina lake Muhamadi," alimwambia karani, "na wengine wakimwandika Mohamedi."

Karani akaandika kwenye kompyuta kama alivyoambiwa: Muhamadi na Mohamedi.

"Hakuna, mama."

Nilikuwa nimechoka kusimama, nikachungulia. Mashine ilikuwa ikitafuta hati moja yenye majina yote mawili.

"Dada, weka 'au'," nikasema.

Karani akarudi kwenye kibodi. Herufi mbili zikafutwa, mbili zikaingia. Shamba likatokea.

Mama hakucheka. "Mara zote mbili zile nimerudishwa na 'na'?"

"Pole, mama. Sasa lete kitambulisho, barua ya mtendaji wa kijiji, cheti cha kifo."

Mama akajifunga upya khanga kiunoni, akauliza polepole: "Na, au?"

"Na, mama."

Kompyuta ilinyooka kwa herufi mbili. Ofisi, sijui itahitaji ngapi.